Kura ya Mpangaji

Kawangware watu hawakuulizi utampigia nani kura. Hilo wanaona wanalijua tayari: wamelisoma kwenye jina lako, kwenye lafudhi, hata kwenye stesheni ya redio unayofungulia asubuhi. Swali la mtaa ni lingine: unapigia wapi? Na kwa watu wengi ninaowajua, jibu ni jina la shule ya msingi iliyo mbali sana na Nairobi. Kakamega. Siaya. Kisii. Kitui. Mtu amepanga chumba Gatina miaka kumi na miwili, watoto wamezaliwa hapo, anajua mfereji upi hukauka siku gani, lakini kura yake iko ushago, inamngoja kama shamba la urithi.

Siku ya uchaguzi mkuu Mkenya hupewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA. Ukipigia ushago, zote sita zinaenda huko. Ile ya rais haipotezi kitu cha maana, itajumlishwa na za nchi nzima. Lakini zile tano? Unamchagua MCA wa wadi unayolala siku kumi kwa mwaka, na yule wa wadi unayolala siku zote zilizobaki unawaachia wengine wakuchagulie. Halafu maji yakipotea wiki mbili unashangaa mbona mheshimiwa hashiki simu. Ashike ya nini? Wewe si mpiga kura wake. Wewe ni mtu anayepita.

Kila baada ya miaka mitano tunaelezwa ni nini kiliamua uchaguzi, na orodha ni ileile: ukabila, pesa, seva. Sibishi, kila moja ina ukweli wake. Ila nimesoma historia ya mitaa miwili, Kibera na Kawangware, na kila nikikwangua ile rangi ya juu naona kitu cha kawaida kabisa chini yake: nani analipa kodi ya nyumba, na nani anaipokea. Sehemu kubwa ya matokeo huwa imeshaandikwa kabla ya foleni ya kwanza kupangwa saa kumi na moja asubuhi. Imeandikwa kwenye sajili ya wapiga kura, kwenye ramani ya mipaka, na kwenye daftari la msimamizi wa ploti.

Mfumo wenyewe hatukuubuni. Nchi inakatwa vipande, kila kipande kinatoa mtu mmoja, na aliye mbele anachukua vyote hata kama amemzidi mwenzake kwa kura moja. Waingereza waliuleta, na kwao bado wanautumia. Julai 2024 chama cha Labour kilipata viti 411 kati ya 650 kwa takriban asilimia 34 tu ya kura. Reform wakapata zaidi ya asilimia 14 wakaambulia viti vitano. Mwaka 1951 Labour walipata kura nyingi kuliko Conservative na bado wakapoteza serikali. Kwa hiyo hata huko, swali la nani anapendwa zaidi na watu halitoshi. Lazima uulize pia wanaompenda wanaishi wapi, wamejazana eneobunge moja au wametawanyika vizuri.

Lakini kuna jambo la zamani zaidi kwenye mfumo huo, nalo ndilo lililonishika. Kwa karne nzima Waingereza walibishana kama mtu asiye na nyumba yake anastahili kupiga kura. Sheria ya 1867 iliwaruhusu wapangaji wa mijini, mradi tu chumba wanachopanga kiwe cha pauni 10 au zaidi kwa mwaka. Yaani keja ya bei ya chini, huna kura. Na mpangaji aliyekuwa na kura alipiga hadharani, akitaja jina la mtu wake kila mtu akisikia. Wales, uchaguzi wa 1868, wakulima waliokodi mashamba waliwapigia Liberal kinyume na matakwa ya mabwana zao, na wengine wakafukuzwa kwenye mashamba hayo. Kura ya siri ilikuja miaka minne baadaye, 1872, na vilio vya Wales vilikuwa sehemu ya hoja. Wanaume wote walipata kura 1918. Wanawake wakasubiri hadi 1928 kuwa sawa nao. Na mpaka 1948 bado kulikuwa na watu waliopiga kura zaidi ya moja, kwa sababu wana biashara mahali pengine au wana digrii ya chuo kikuu fulani.

Kumbuka hiyo 1948, mwaka waliokubali kwao kwamba mtu mmoja ni kura moja. Miaka tisa baadaye, Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, serikali hiyohiyo ya Uingereza ilileta utaratibu wa kumpa Mwafrika mmoja kura moja, mbili au tatu, kulingana na elimu yake, mapato au mali yake, na utumishi wake wa muda mrefu. Nguo waliyoivua wao ndiyo tuliyovishwa sisi.

Nairobi ya 1957 ilikuwa na jambo jingine tena. Ilikuwa ni miaka mitatu tu tangu Operation Anvil, Aprili 1954, askari walipouzingira mji, wakawapekua Waafrika mtaa kwa mtaa na kuwapeleka maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru vizuizini. Na waliobaki hawakuandikishwa kama wengine; walitakiwa kwanza kuwa na cheti cha uaminifu kwa serikali. Kwenye uchaguzi huo Tom Mboya alimshinda wakili Argwings-Kodhek kwa tofauti ndogo. Mboya alikuwa msemaji hodari na mpangaji mzuri wa vyama vya wafanyakazi, hakuna anayemnyima hilo. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini kinyang'anyiro cha Nairobi kilikuwa kati ya wawili hao, anza na sajili. Angalia nani aliruhusiwa kuishi mjini mwaka huo.

Sasa tuje kwenye udongo wenyewe, maana Kibera na Kawangware hazifanani hata kidogo ukiacha mabati.

Kibera ilianza kama makao ya askari Wanubi, watu wenye asili ya Sudan waliolitumikia jeshi la King's African Rifles. Mkoloni aliwaweka msituni hapo mwanzoni mwa karne iliyopita, eneo la zaidi ya ekari 4,000, bila hati. Wakaishi, wakazaa, wakajenga vyumba na kupangisha. Nchi ikapata uhuru, na ardhi ikaendelea kuitwa ya serikali. Kwa hiyo mwenye nyumba wa Kibera, awe Mnubi wa Makina au Mkikuyu wa Laini Saba, kwa miaka mingi alijenga kwa ruhusa ya chifu, na ruhusa ya chifu ni kitu kinachoweza kufutwa kwa simu moja. Kawangware ni kinyume chake. Hiyo ilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu upande wa Dagoretti, ikamezwa na Nairobi mipaka ya jiji ilipopanuliwa wakati wa uhuru. Mashamba yana wenyewe na wana hati. Familia ikagawa shamba, ikajenga safu za vyumba, choo kimoja mwisho wa safu, na wapangaji wakaja, Waluhya, Wakisii, Wajaluo, Wakamba.

Kwa hiyo Kibera mwenye nyumba anamwogopa serikali, na Kawangware mpangaji anamwogopa mwenye nyumba. Siasa za mitaa hii miwili zimetoka hapo.

Kibera ilikuwa ndani ya eneobunge la Lang'ata, pamoja na Karen ya matajiri. Mwaka 1979 Lang'ata ilimchagua Philip Leakey, Mzungu wa kwanza kuchaguliwa mbunge tangu uhuru, mtoto wa Louis Leakey yule wa mafuvu ya binadamu wa kale. Alikaa mpaka 1992. Watu wa rika langu wakisikia hivyo hucheka, wanadhani ni chai. Si chai. Ni enzi za chama kimoja, na kwenye chama kimoja mbunge alikuwa mtu wa kukuletea kitu kutoka juu. Kabila lake halikubadilisha nani angekuwa rais.

Enzi hizo zilifikia kilele chake kwa mlolongo. Februari 1988, kwenye uteuzi wa KANU, karatasi za siri ziliwekwa kando. Ulisimama nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea wako, mchana kweupe. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya waliopanga mlolongo alihesabiwa amepita, hakuna tena kura ya siri mwezi Machi. Wazee wa mtaa hupenda kusimulia milolongo mifupi iliyotangazwa kuwa mirefu, na wana haki ya kuchekea hilo. Mimi nafikiria upande mwingine. Nafikiria mpangaji anayetazama kushoto na kuona chifu, kulia na kuona vijana wa KANU wanaokusanya pesa sokoni, na mbele, mtu wa tatu kutoka kwake, ni mwenye nyumba wake. Ni Wales ya 1868, mwaka 1988. Karne moja na miaka ishirini.

Vyama vingi viliporudi, Lang'ata ilimchagua Raila Odinga, Desemba 1992, kwa tiketi ya FORD-Kenya. Kitaifa Moi alishinda kwa asilimia 36 tu, kwa sababu Matiba, Kibaki na Jaramogi waligawana zilizobaki; ile hesabu ya Westminster tena, aliye mbele anachukua vyote. Lakini kwa Kibera kilichobadilika ni kwamba wapangaji, wengi wao Wajaluo na Waluhya wa Gatwekera, Kisumu Ndogo, Lindi, walikuwa wamepata mbunge wa kwao wakati wenye nyumba hawakuwa na uhakika na udongo wanaousimamia. Raila alikishika kiti hicho miaka ishirini na vyama vinne tofauti. Chama kilibadilika kama shati. Wapangaji hawakubadilika.

Mwishoni mwa 2001 jambo hili lilitoka nje wazi. Rais Moi alifika Kibera akiwa na Raila, aliyekuwa waziri wake wakati huo, vyama vyao vikiwa njiani kuungana. Ikatamkwa hadharani kwamba kodi za Kibera ni kubwa mno na zipunguzwe. Hebu jiweke pale. Umepanga chumba cha mabati, sakafu ya udongo, na rais wa nchi amesema unalipishwa sana. Wapangaji wakakataa kulipa bei ya zamani. Wenye nyumba, wengi wa hao waliolengwa wakiwa Wanubi, hawakuwa na benki wala hati, kodi ndiyo ilikuwa mshahara. Kufikia Desemba mapanga yalikuwa nje. Zaidi ya watu kumi waliuawa, nyumba zikachomwa, familia zikalala uwanjani. Magazeti yaliandika Wajaluo na Wanubi. Sawa, walikuwa Wajaluo na Wanubi. Lakini ugomvi wenyewe ulikuwa wa mia chache za shilingi kwa mwezi, na uliwashwa na wanasiasa mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, kwa ahadi ambayo haikugharimu hazina hata senti.

Hiyo ndiyo hoja yangu dhidi ya neno ukabila likitumiwa peke yake. Kabila la mwenye nyumba na la mpangaji huwa tofauti, kwa sababu za historia ya ardhi nilizozieleza, na mwanasiasa anajua kwamba akigusa kodi ameligusa kabila bila kulitaja.

Kuna jambo dogo ambalo halipewi uzito: tarehe. Chaguzi za 1992 na 1997 zilifanyika tarehe 29 Desemba, za 2002 na 2007 tarehe 27 Desemba. Siku mbili tu baada ya Krismasi! Nairobi ya Desemba unaijua. Mtu wa Kawangware aliyeandikishwa hapa alikuwa na kazi ya kuamua, abaki mjini peke yake na ndizi za deni au aende kwa mama. Aliyeandikishwa ushago aliunganisha safari mbili kwa nauli moja. Tarehe hiyo ilimkatia mpangaji kura ya mjini bila mtu kumkataza chochote. Katiba ya 2010 ikahamisha uchaguzi hadi Jumanne ya pili ya Agosti, lakini tabia ilikuwa imeshaota mizizi, na baada ya yaliyotokea 2007 ikapata sababu mpya: woga.

Mwaka huo wa 2007 kura ya Kibera ilikuwa na uzito wa ajabu. Sheria ya wakati huo ilitaka rais awe pia mbunge aliyechaguliwa, urithi mwingine wa Westminster ambako waziri mkuu hutoka bungeni. Kwa hiyo hata kama Raila angeshinda nchi nzima, angepoteza Lang'ata angekosa urais. Stanley Livondo aliletwa kupigania kiti hicho na pesa zikamwagika mtaani. Mpangaji wa Gatwekera, ambaye hana hata mlango wa chuma, alishika mkononi kura ya kuamua nani anaweza kuwa rais wa Kenya. Raila akakishika kiti. Urais akatangazwa Kibaki, tarehe 30 Desemba, kwa tofauti ya kura kama 230,000.

Yaliyofuata tumeyasikia sana. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini. Kibera reli iling'olewa, soko la Toi likachomwa. Kisichosimuliwa sana ni kilichotokea kwenye vyumba. Wenye nyumba Wakikuyu walitimuliwa, na watu wakaingia vyumbani mwao au wakaendelea kukaa bila kulipa. Kwingine wapangaji ndio waliotupwa nje. Makundi ya vijana yakawa ndiyo yanayosema nani alale wapi. Baada ya wiki chache ramani ya vijiji vya Kibera ilikuwa imenyooka kikabila kuliko zamani, na sajili ya wapiga kura iliyofuata iliwakuta watu mahali walikokimbilia.

Halafu ikaja ramani mpya. Maeneobunge yaliongezwa kutoka 210 hadi 290, na kwenye uchaguzi wa Machi 2013 Kibra ilikuwa imetengwa na Lang'ata, Dagoretti ikagawanywa Kaskazini na Kusini. Hapa ndipo Kawangware inapovutia. Dagoretti nzima ilikuwa imeshikwa na Beth Mugo tangu 1997, mpwa wa Jomo Kenyatta, na kwenye eneo kubwa namna hiyo kura za familia zenye mashamba ziliweza kuwazidi wapangaji. Mstari ulipochorwa, Kawangware, Gatina na Kabiro ziliwekwa pamoja na Kilimani na Kileleshwa. Simba Arati wa ODM akashinda Dagoretti Kaskazini 2013, akashinda tena 2017, na 2022 alipoenda kuwa gavana wa Kisii, Beatrice Elachi wa chama hichohicho akakichukua kiti. Wapangaji walikuwepo miaka yote. Kalamu ya mchora mipaka ndiyo iliyowafanya wawe wengi.

Lakini kuwa wengi kwenye karatasi ni kitu kimoja, na kulala salama ni kingine. Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais wa Agosti 2017, ule wa marudio ukafanyika Oktoba 26 upinzani ukiususia. Usiku uliofuata, Kawangware iliwaka. Maduka yalichomwa, kuna waliopoteza maisha, watu walihama na magodoro kichwani. Ukisikiliza wakazi wakisimulia usiku ule, sentensi inayorudi si ya Uhuru wala Raila. Ni ya mwenye nyumba na mpangaji: wale wanatugomea kura kwenye ardhi yetu, hawa wanatufukuza tuliko na risiti. Kuanzia hapo najua familia ambazo kila Julai ya mwaka wa uchaguzi hupeleka watoto ushago mapema na kulipa kodi ya miezi miwili mbele, ili wasidaiwe wakati ambao deni linaweza kugeuzwa kuwa kabila.

Na Kibera? Huko kitu kilichobaki kuamua ni mchujo wa ODM. Aliyepata tiketi hakuwa na wasiwasi tena. Ken Okoth alipata 2013 na 2017, mtoto wa Kibera kweli, mwalimu, mtu aliyejulikana kwa shule na basari, na nadhani angepata kura nyingi hata kwa tiketi nyingine. Alifariki Julai 2019. Uchaguzi mdogo ukafanyika Novemba 7, na Jubilee ikamleta McDonald Mariga, nyota wa soka aliyewahi kuwa Inter Milan. Karatasi zake zilikataliwa mwanzoni kwa sababu jina lake halikuonekana kwenye sajili ya wapiga kura, kisha akaruhusiwa. Mtaa ulicheka sana. Lakini alipata zaidi ya kura 11,000 huko kulikoitwa chumba cha kulala cha Baba. Imran Okoth, ndugu ya marehemu, akashinda kwa 24,636.

Sasa weka namba hizo karibu na nyingine. Walioandikishwa Kibra walikuwa takriban 118,000. Waliojitokeza ni kama thuluthi tu. Unaweza kusema uchaguzi mdogo huwa hivyo popote, na ni kweli. Lakini kumbuka Julai 2018. Tingatinga ziliingia Kibera kufungua barabara inayounganisha Ngong Road na Lang'ata Road, na maelfu ya watu wakaamka hawana nyumba. Shule pia zilibomolewa. Mwenye chumba alipoteza biashara, aliyelala ndani alipoteza kila kitu, na fidia ya mpangaji ni jambo ambalo hakuna aliyelichukulia kwa uzito. Wakatawanyika, Rongai, Kangemi, Kawangware kwetu. Majina yao yalibaki kwenye sajili ya Kibra. Miezi kumi na sita baadaye waliulizwa watamchagua nani awe mbunge wa mahali wasipokaa tena.

Na idadi zenyewe za Kibera zina historia yake. Kwa miaka mingi kila mgeni aliambiwa kuna watu milioni moja. Mashirika yaliipenda namba hiyo, wanasiasa waliipenda zaidi. Sensa ya 2009 ikahesabu kama 170,000. Kelele ilikuwa kubwa, ila ukiwa mwanasiasa unayejua hesabu, wewe huhitaji milioni. Unahitaji kujua ni wangapi kati ya hao wana kitambulisho, wangapi wamejiandikisha, wangapi hapa. Kijana Mnubi, ambaye babu yake alizikwa Kibera, kwa miaka mingi alipitishwa kwenye kamati ya kuchujwa kabla ya kupewa kitambulisho, na bila kitambulisho hakuna kura. Jamii yake ilipata hati ya ekari 288 kutoka kwa Rais Uhuru Kenyatta Juni 2017. Miezi miwili kabla ya uchaguzi. Karne moja ya kuomba, na hati ikapatikana msimu wa kampeni.

Mambo haya si ya Nairobi peke yake. Tume ya Uchaguzi ya Uingereza imeripoti zaidi ya mara moja kwamba wanaopanga kwa watu binafsi wako nyuma sana ya wenye nyumba zao katika kujiandikisha. Wanahama kila mara, na kila wakihama sajili inawaacha. Kwa taarifa yako, Mkenya anayeishi London kihalali anaruhusiwa kupiga kura kwenye uchaguzi mkuu wa huko, kwa sababu nchi yetu imo Jumuiya ya Madola. Kwa hiyo binamu yako aliyepanga chumba Croydon ana sauti juu ya mbunge wa Croydon, ilhali wewe uliyepanga Kabiro huna sauti juu ya mbunge wa Dagoretti Kaskazini. Yeye amejiandikisha anapolala.

Kwenye uchaguzi wa 2022 vijana wa kati ya miaka 18 na 35 walikuwa chini ya asilimia 40 ya walioandikishwa, na idadi yao ilikuwa imepungua kutoka 2017, ingawa sisi ndio tumejaa kila matatu na kila kibanda. Ruto alishinda kwa tofauti ya kura kama 233,000 tu. Sisemi wangempigia nani. Nasema tu kwamba tofauti hiyo ni ndogo kuliko idadi ya vijana wanaoishi mtaa mmoja na kuandikishwa mwingine. Kadi yangu mwenyewe iko kituo cha karibu na chuo nilichokiacha mwaka wa pili, mji ambao sina hata mtu wa kunikaribisha chai.

Raila amefariki, Oktoba 2025, na kwa mara ya kwanza tangu 1992 Kibera itaingia uchaguzi mkuu bila yeye. Wachambuzi wameshaanza kuuliza nani atarithi kura za Kibera, kana kwamba ni ng'ombe. Mipaka nayo ilipaswa kupitiwa upya kufikia Machi 2024, lakini tarehe hiyo ilipita tume ikiwa haina makamishna hata mmoja, na mistari iliyochorwa 2012 bado ndiyo inayotumika. Tangu ichorwe, Kilimani na Kileleshwa zimejaa magorofa ya kupangisha, watu wa rika letu wenye kazi za kompyuta, wanalipa kwa mwezi kodi ambayo ploti nzima ya Gatina inakusanya kwa vyumba kumi. Tuko nao eneobunge moja. Nimewauliza kadhaa wanapigia wapi. Wengi wao pia wanapigia kwao.